Pale Alizikwa Ngalula

Kazi moya, 6 octobre 2025

Historia, kalasi ya tano. Batoto makumi tano na munane, kitabu moya — yangu mi. Niliandika ku tablo: treni ilifika mu muji yetu mwaka 1910. Baliandika. Mutoto moya nyuma alilala, kinywa wazi. Sikumuamusha. Joto ya mabati inashuka ku kichwa, mvua bado, hata mi ningelala.

Osée alinyosha mukono. Nilifikiri anataka kutoka inje. Hapana. Aliuliza kama bantu bote ba mu kitabu balishakufa. Nikasema ndiyo, bote. Akauliza tena: sasa juu nini shiye tubajue?

Hakuuliza na kiburi. Njo ile iliniuma. Baba yake ni fundi ya mapikipiki hapa Kasungami, Lubumbashi, na mutoto iko vile vile: kila kitu anataka kujua inasaidiaka nini. Miaka kumi na saba niko nafundisha. Ile, hakuna mutoto aliniulizaka.

Nikabaambia: muende muulize ku nyumba. Babu yenu ao nkambo yenu, alifika hapa namna gani? Juu ya nini? Muandike nusu ya ukurasa mu kaye, siku ya kazi tatu mutasoma mbele ya benzenu. Na juu basiogope, nikaanza na yangu: baba yangu Anaclet alitoka Kabalo, alitumika ku treni, miaka mingi ku gare ya Likasi, mi nilizaliwa kule. Balicheka. Kumbe hata mwalimu alizaliwaka.

Baba nilimukuta mu lupango, inje ya nyumba, ku kiti yake, anasafisha radio na kitambaa.

Kazi tatu, 8 octobre

Leo nilikuwa mwalimu! Niandike vile, juu haitokeaka kila mwaka.

Syntiche alianza. Nkambo yake alitoka Kilwa juu ya camion ya samaki, siku ine mu barabara, na alipofika Lubumbashi hakuna muntu alitaka kumupa pahali ya kulala juu ya harufu. Batoto balicheka mpaka machozi. Halafu Fils: babu yake alichimba shaba, alikuwa na namba ya kazi, na ku nyumba bote banaijua ile namba kwa kichwa. Akaisema, amesimama wima, kama anataja jina ya mutakatifu. Hakuna mutoto alilala.

Halafu Keren. Anaikalaka mbele, mudogo, hasemi. Nkambo yake, mama ya mama yake, njo anamulea. Alisoma bila kuinua macho. Naandika vile nilisikia:

"Nkambo yangu alikuwa Likasi. Mwaka 1992 balisema Bakasai bote batoke, barudie kwabo Kasai. Balibafukuza mu nyumba. Balilala ku gare myezi tatu, inje, mu mvua, banangojea treni. Nkambo alikuwa na mutoto, jina Ngalula, myezi saba. Ngalula alikufa kule ku gare. Kesho yake treni ikafika. Nkambo alipanda. Kaburi hakuiona. Mwisho."

Hata ile neno "mwisho" aliisoma.

Mi nilishika craie ya tablo, sikujua niiweke wapi. Mwaka ile nilikuwa na miaka munane. Nilipitaka ku gare saa sita, napelekea baba bukari mu sahani yenye kufunikwa. Nakumbuka moshi ya mioto mingi. Nakumbuka mama alikuwa ananiambia: angalia mbele.

Halafu Osée akasema, pole pole, bila ubaya, vile mutoto anarudilia tu kitu ya ku nyumba: "Babu yangu anasema balikuwa bilulu. Balikula kazi yote."

Bilulu. Badudu. Miaka makumi tatu na tatu, na ile neno haijakufa, inalala tu mu manyumba, inangojea. Kengele ililia. Nilipaswa kusema kitu. Nilisema: mufunge makaye.

Kazi ine, 9 octobre

Mu lupango ya masomo banacheza treni. Mustari ya batoto, banashikana ku mabega. Bengine na fimbo banabakimbilia nyuma: bilulu bapande, bilulu bapande. Si kalasi yangu tu. Hata bale ya kalasi ya pili, benye habajue 1992 ni nini. Na bote banacheka, hata bale benye kufukuzwa.

Keren hakucheza. Alisimama ku ukuta.

Nilibanyanganya fimbo. Nilipogeuka, balishapata zingine.

Kazi tano, 10 octobre

Balimuingiza Keren mu muchezo kwa nguvu. Balimusukuma "apande", akaanguka na uso juu ya ngazi ya simenti. Dino ya mbele ilikatika nusu. Dino ya ukubwa, haitaota tena. Nilimuosha kinywa na maji ya bidon, yeye akiniangalia, halii. Osée ndiye alilia. Si yeye alisukuma, lakini alikuwa pale na fimbo.

Saa saba, batoto balishaenda, nkambo yake akaingia. Mama Christiane. Iko na miaka makumi sita ao zaidi, anauzisha madeso, maharagi, ku soko ya Kasungami, namuonaka pale lakini sikujua ni yeye. Nilisimama. Nilishatengeneza maneno ya kulomba samaha tangu asubui. Hakuniacha nimalize. Alisema mutoto iko muzima, na akaikala ku banc ya batoto, magoti juu.

Aliniuliza kama ni kweli: baba yangu alitumika ku gare ya Likasi?

Nikasema ndiyo.

Alieleza. Hakulia, alieleza tu, kama muntu anaonyesha njia. Ngalula alikufa mangaribi. Alimufunga mu kikwembe yake ya majani-majani, akaikala naye mpaka asubui. Asubui treni ikafika, bantu bakaanza kupanda hata mu madirisha. Bwana yake alisema tukibaki tunakufa bote, na bale batoto bengine mbili. Yeye hakutaka kuinuka. Halafu muntu moya ya treni alikuja, na kofia ya kazi, na mustashi. Akainama, akatwaa mutoto mu mikono yake. Akasema: panda, mama, mi nitamuzika muzuri, nitatia musalaba.

Jina yake hakumuuliza. Ku Kasai balikaa miaka kumi na kitu, bwana akafa kule, yeye akarudia huku kwa binti yake. Mara moya alienda Likasi kuuliza. Bote balimuambia habajue.

Nilimuambia baba ni muzee, pengine hakumbuke.

"Sitafute muntu ya kufunga, mwalimu," alisema. "Natafuta pahali."

Bote ku treni balikuwa na kofia. Mustashi pia, bengi balikuwa nayo. Niko narudilia ile mu kichwa tangu saa saba.

Siku ya Mungu, 12 octobre

Nyuma ya misa nilitengeneza bukari na ndakala, na nikamuuliza baba. Nilimueleza yote, mutoto, kikwembe, mwanaume na kofia.

Aliniacha niongee mpaka mwisho. Halafu akanawa mikono, na alikuwa hajagusa chakula. Alisema bantu ya treni balikuwa bengi. Bantu ya kufa pia balikuwa bengi. Ni zamani. Akauliza nani alinituma.

Nikasema hakuna muntu alinituma, ni mutoto ya kalasi yangu.

"Na kule ku masomo munafundishaka nini?" alisema, na akaingia mu chumba yake. Sahani yake nilifunika. Mpaka sasa iko vile.

Kazi moya, 13 octobre

Directeur aliniita. Monsieur Edouard si muntu mubaya, niandike ile. Alikuwa amechoka kuliko mi.

Baba ya Osée alikuja asubui na bazazi bengine mbili. Banasema nafundisha batoto yabo kama babu zabo ni bauaji. Na nyuma yabo akaingia muzazi ya Kasai, muntu ya biashara, na suti. Nilifikiri yeye atanisimamia. Hapana! Alisema: mwalimu anaamusha majina yenye tulikuwa tumesahau, batoto yetu banatukanwa juu yake, mutuache tuikale kimya. Balipeana mikono mu mulango, yeye na baba ya Osée. Njo kitu moya balisikilizana: mi ninyamaze.

Inspecteur anakuja juma yenye inafuata, ile ya tarehe 20. Directeur alifungua programu ya kalasi ya tano, akaweka kidole. 1992 haimo. Nikamuambia haimo hata mu kalasi ya sita, haimo pahali popote, sasa batajua wapi? Akasema batajua ku nyumba.

Nikasema: ku nyumba njo banajifunza bilulu.

Alivua miwani. Akasema: "Madame Constance, historia ni ile iko mu kitabu." Na akaongeza, macho chini: inspecteur akiona zile kurasa mu makaye, kazi yangu itakatika na yake pia. Zitoke kesho.

Kazi mbili, 14 octobre

Nilibaambia bapasue. Habakuuliza juu nini. Hata Osée hakuuliza.

Kurasa makumi tano na munane, zote mara moya. Sikuwaka nasikia ile sauti hata siku moya.

Keren alitumia rula. Alipasua pole pole, mustari wima, akaniletea na mikono mbili, kama vile banapeanaka kitu kwa mukubwa. Dino yake ya kukatika inaonekana hata akifunga kinywa.

Nilichoma mu shimo nyuma ya masomo. Mi mwenyewe.

Siku ya posho, 18 octobre

Mama Christiane alikuja ku nyumba. Sikumuita. Keren njo alimuonyesha mulango, akabaki ku njia. Mi nilikuwa nafua. Baba alikuwa ku kiti yake mu lupango, na kwa ile miguu yake hawezi tena kuinuka mbio.

Alimupa baba sahani ya madeso, yenye kufungwa mu kitambaa. Akaikala chini ku mukeka, mbele yake. Akamuangalia. Niliacha maji itiririke mu ndoo mpaka ikajaa ikamwangika.

Aliuliza na kueleza vile alifanya na mi, maneno ile ile, mpaka ku kofia na mustashi. Nilingojea baba aseme ni zamani.

Baba alisema: "Ni mi."

Halafu: "Ni mi nilitwaa mutoto, mama. Nilimuzika nyuma ya dépôt ya bintu, pembeni ya muti ya jacaranda. Nilitia musalaba ya mbao."

Mama Christiane aliuliza kama alimuzika na kikwembe yake. Baba akasema ndiyo, na ile kikwembe ya majani-majani. Basi alishika mukono ya baba, ile ya kuume, akaiweka ku paji ya uso yake, akainama vile. Baba alikuwa anaangalia juu, ku waya ya nguo.

Alipoenda, aliita baba yangu "baba", na kumbe pengine miaka yabo iko karibu. Alinishika mi pia, mikono yangu na sabuni yote. Alisema masomo ni kitu kubwa, mwalimu.

Nililia. Nilijisikia muzuri, niandike ile pia. Baba yangu! Ningetaka kalasi yangu yote ikuwe pale, na Monsieur Edouard, na kitabu yake.

Siku ya Mungu, 19 octobre

Baba hakuenda misa. Nilifikiri ni miguu. Niliporudia aliniita mu chumba. Alikuwa amelala, uso ku ukuta, na ku ukuta njo alisemea.

"Constance. Sikumuzika."

Treni iliondoka, alibaki ku quai, pale bantu banapandiaka, na mutoto mu mikono. Bijana na fimbo bakafika, balikuwa banatembea pale kila siku, banaangalia nani anasaidia Bakasai. Balimuuliza anabeba nini. Alisema mizigo ya kazi. Bakacheka, bakapita, lakini moya akageuka, akasimama kumuangalia. Baba aliogopa. Alikuwa na shiye batoto ine ku nyumba. Ku mustari ingine kulikuwa wagon ya wazi, yenye haikuwa na kitu. Akaweka mutoto mule ndani, mu kona, akaeneza gunia juu. Alisema mu roho: mangaribi nitarudia na jembe.

Mangaribi alirudia na jembe. Wagon haikuwako.

Nilimuuliza ilienda wapi.

"Ilienda kupakia."

Upande gani?

Hajui. Pengine Kolwezi. Pengine ku muchanga ya migodi. Hakuuliza muntu. Ile siku na siku zote zenye zilifuata, hakuuliza muntu.

Nikaikala chini, pembeni ya kitanda. Nikamuuliza juu nini alisema uongo, jana, na mukono yake mu mikono ya yule mama. Nilifikiri amelala.

"Jacaranda ilikuwako," alisema. "Ile si uongo. Kulikuwa jacaranda."

Kazi tatu, 22 octobre

Inspecteur alikuja. Treni ilifika mu muji yetu mwaka gani? Mikono makumi tano na munane juu. Mwaka 1910! Aliangalia makaye tatu, hakuona kitu. Hakuhesabu kurasa. Aliandika mu fiche yangu "muzuri sana" na akalomba maji ya kunywa.

Monsieur Edouard alinipa mukono kwa nguvu. Mu lupango muchezo ya treni imekwisha. Sasa banacheza mupira. Osée na Keren habaongee, lakini habapigane. Directeur anasema: unaona.

Kazi ine, 23 octobre

Saa ya kutoka Mama Christiane alikuwa ku mulango ya masomo, na kitu ndefu mu gunia ya madeso. Akafungua kidogo nione. Musalaba. Seremala ya soko alimutengenezea, mbao ngumu, na jina mu rangi nyeusi: NGALULA. Herufi ya mwisho iko ndogo kuliko zingine, nafasi haikutosha. Alicheka juu ya ile. Sikumuonaka mbele akicheka.

Tarehe moya ya mwezi wa kumi na moya ni sikukuu ya batakatifu bote, siku ya posho. Anataka kuenda Likasi, yeye na Keren, kuweka musalaba mupya, juu ile ya baba ya mbao itakuwa ilishaoza. Anajua baba hawezi, miguu. Lakini mi baba alinieleza muzuri pahali, si ndiyo?

Nikasema ndiyo.

Siku ya Mungu, 26 octobre

Nilimuambia baba: kama we hausemi, mi nitasema. Alisema sema. Hakukasirika. Tangu ile siku anakula kidogo, na radio hafungue tena. Nilipofika ku mulango alisema kama nataka kumuua yule mama mara ya pili, niende leo, nisingojee.

Sikuenda leo.

Kazi tano, 31 octobre

Masomo ilipoisha nilienda ku soko. Nilishajiambia: nitasema mbio mbio, mbele ya kuikala. Mama, baba yangu aliogopa, baba yangu alidanganya, kaburi haiko. Maneno kidogo. Hata mutoto ya kalasi ya pili angeyasoma.

Mama Christiane alinipa kiti yake. Bamama ya pembeni bote balishajua, mwenye nyanya, mwenye mafuta. Moya anatoa mishumaa, mwengine alichanga simenti mu mfuko. Na mwenye mafuta si wa Kasai, ni wa kwetu, wa Kabalo. Alisema anamupa mwenzake simenti juu hata yeye alizika mutoto, anajua.

Mama Christiane aliniinamia ku sikio. Alisema tangu baba yangu alimuambia, anaanza kulala. Anafunga macho na anaona muti, na mutoto iko chini ya muti, hakuna kitu inamufikia.

Nilifungua kinywa. Nililomba madeso.

Mu septembre, siku ya kwanza, niliandika ku tablo: historia ni habari ya kweli ya bantu ya zamani. Baliiandika bote, ukurasa ya kwanza ya kaye. Ile hakuna muntu alituambia tupasue.

Siku ya posho, 1 novembre

Likasi. Niko naandika juu ya tofali ya simenti, nyuma ya dépôt. Nilibeba hii kaye mu saki, sijui juu nini.

Tulipanda basi saa kumi na mbili. Keren alilala juu yangu njia yote, kichwa yake nzito. Mama Christiane alishika musalaba katikati ya magoti, hakuiachilia hata balipoomba kuitia juu na mizigo. Mulinzi ya gare hakukataa. Aliona musalaba, akavua kofia, akatupitisha.

Dépôt iko, bila paa. Ukuta inasimama. Mustari ya treni imejaa majani. Mbali kidogo kuna wagon mbili zenye kutu, milango wazi, majani inaota ndani. Nilijifanya sizione.

Na jacaranda si moya. Ziko ine. Zote zimechanua, maua chini imefunika kila kitu, hauone mahali udongo iko juu ao iko chini. Mama Christiane alisimama katikati yazo, akageuka, akageuka tena. Halafu akaniangalia mi.

"Ni gani, mwalimu?"

Nilimuambia angojee, nitafute vile baba alinieleza. Nilitembea kati ya miti, na mikono nyuma, kama inspecteur. Niligusa moya. Ile ya pembeni ya ukuta njo kubwa, njo muzee kabisa. Ningeweza kusema hii. Ni neno moya. Ataweka musalaba, atawasha mishumaa, tutarudia na basi ya saa tisa, na kila mwaka atakuja hapa, na nyuma yake Keren atakuja, na nyuma ya Keren batoto ya Keren.

Yeye ameenda kwa mulinzi kulomba jembe na maji ya simenti. Musalaba aliiweka juu ya saki yangu, niilinde.

Keren hakuenda naye. Sikumusikia. Iko hapa mbele yangu, na maua mu nywele, anaangalia miti, halafu ananiangalia. Ameniuliza, sauti ndogo, juu ya ile dino neno inatoka na upepo:

"Mwalimu, ni hapa kweli?"

Nkambo yake namuona anarudia kule ku kona ya ukuta, jembe ku bega, bidon mu mukono. Nimemuambia Keren angojee kidogo, niko namaliza kuandika.